Upande wa Kushoto wa Mashua

Mzee Wandera alipozikwa, tezo lake alipewa Kioko. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, chini ya hema nililolilipia mimi, juu ya kiti kilicholetwa na lori langu kutoka Nairobi, na basi lililowaleta majirani wa Kayole mpaka huko Busia lilikuwa na jina langu kwenye kioo cha mbele. Mama Nafula, mjane wa marehemu, akatoka ndani ya nyumba amebeba kitu kimefungwa kwa gunia. Nikakitambua kwa umbo. Lilikuwa tezo, lile shoka la ubapa ambalo fundi wa mashua hulichongea mbao, na mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja cha mtu mmoja maisha yake yote. Nikafunga kifungo cha koti, nikanyanyuka kidogo. Mama akanipita. Akawapita wazee, akampita mchungaji, akaenda mpaka kule nyuma walikosimama watu juani, akamwekea Kioko mikononi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, asije mtu akasema kitu.

Mimi naitwa Mutua. Shuka Spine Road, Kayole, uulize Mutua wa Mbao. Hata mtoto anayenyonya atakunyooshea kidole. Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa amani, wala hatujatafutana tena. Leo nina yadi ya mbao, nina ghorofa kule Kware linalojaa wapangaji kabla rangi haijakauka, nina kisima changu ambacho mtaa ukikauka ndiko watu wanakokimbilia. Wazazi wangu na shida za utotoni siziandiki. Kila mwenye mali ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi na Kioko kwenye karakana ya Mzee Wandera, kwa sababu tangu mazishi yale mwaka huo umehamia kwangu kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Nakunywa chai nao. Naoga nao.

Karakana yenyewe ilikuwa uchochoro tu. Uwazi uliobaki kati ya ghorofa mbili za kupanga, Mzee akauwekea mabati juu na mlango wa mbao upande wa barabara, na humo ndani akawa anatengeneza mashua. Mashua, Kayole! Mahali ambapo maji yenyewe huja yakipenda. Lakini watu wenye hoteli kando ya maziwa na mabwawa walihitaji mashua ndogo za makasia za kuwatembezea wageni, na Mzee, aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa kwao magharibi, alijua kuzitengeneza kwa mkono bila kuchora popote. Za zamani nazo zililetwa zimeoza matumbo, akazifufua. Majirani walipaita Kwa Nuhu. Kila asubuhi hakukosekana mtu wa kuchungulia mlangoni: "Nuhu, mvua lini?" Na Mzee, bila kuinua kichwa: "Wewe kwanza uliza kama jina lako liko kwa wanyama." Palinuka mbao mbichi za saipras, lami na omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu Mama Nafula alipikia hapohapo mwisho wa uchochoro, penye mlango wa chumba chao. Pale mabati yalipoishia, nguo za wapangaji zilining'inia kutoka vibarazani, na siku za kufua maji ya sabuni yalidondokea kazi yetu. Mzee hutoka, akatazama juu, akapiga kelele: "Mama Brayo! Hiki chombo bado hakijaokoka, mbona unakibatiza?"

Tulikuwa wawili chini yake, mimi na Kioko, na sote wawili tulikuwa Wakamba. Hilo nataka lieleweke. Laiti Kioko angekuwa Msamia mwenzake Mzee, ningesema ni ukabila, nikalala usingizi wangu. Lakini alitoka kwetu Ukambani, kilima cha pili kutoka kwetu, na tulipokuwa peke yetu tulisalimiana kwa lugha ya mama. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene kama ndizi za kuchoma, na hakuwa na kitu hata kimoja cha kumzidi mtu, isipokuwa kwamba akigusa ubao, ubao ulitulia. Mimi ndiye niliyeongea na wateja. Mimi ndiye niliyejua ni yadi gani huuza mbao mbichi ikiapa ni kavu. Kioko akiulizwa swali na mteja, alitazama miguu yake.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: mbao za ubavuni hupanda mbili mbili. Ukipigilia ubao upande wa kulia, ndugu yake wa kushoto lazima apigiliwe kabla kazi ya siku hiyo haijaisha, wala huruhusiwi kuanza ubao wa juu yake kabla mwenzako hajafika. Ukiacha upande mmoja utangulie, alisema, mashua hukaa shingo upande kama mtu aliyelala kwenye kiti, na hakuna nyundo itakayoinyoosha tena. Akatugawa. Kulia mimi, kushoto Kioko, na katikati mkuku, ule mti wa mvule ulio chini kabisa unaobeba chombo chote kama uti wa mgongo. Huo na mishono yake hakuna aliyeugusa ila yeye mwenyewe. Kwa hiyo mwaka mzima nilifanya kazi nikimtazama mtu yuleyule ng'ambo ya mashua, akifanya kilekile ninachofanya mimi. Wake wenza angalau kila mmoja ana jiko lake.

Mimi nilikuwa mwepesi, waulize waliokuwapo. Nilipima, nikakata, nikapigilia, kisha nikarudi kupiga randa hapa, kuongeza kipande pale. Kioko alipima, akapima tena, akakaa akautazama ubao kama mtu anayesikiliza shauri, kisha akakata mara moja tu. Na sijui ilikuwaje, lakini kila nikiinua kichwa nilimkuta amemaliza, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyundo mapajani. Hakutabasamu. Hakukohoa. Angetoa hata neno moja la dharau tungepigana, yakaisha.

"Unangoja nini?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe," akasema.

Hivyo tu. Na mpaka leo, pamoja na matusi yote niliyotukanwa na wapangaji, sijasikia linalolizidi hilo.

Kulikuwa na Jumapili ambazo Mama Nafula alichinja kuku, akatuita mezani, yaani kwenye ubao uliolazwa juu ya vigogo viwili. Kwao magharibi kuku ana heshima yake, na ndani ya kuku kuna firigisi, na firigisi si nyama ya kila mtu. Ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akimpa mtu mwingine, amesema jambo. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa hayo na majirani. Jumapili moja Mzee akaichukua ile firigisi kwa vidole, akaigeuza, akamtazama Kioko, akanitazama mimi, akaiweka kwenye sahani ya Kioko.

"Hii ni nini?" Kioko akauliza, mjinga wa Mungu.

"Kula."

Akatafuna. "Ni ngumu," akasema.

Mama Nafula akacheka mpaka akashika ubao wa meza. Mimi pia nikacheka. Nilikuwa nimepewa paja, paja zuri linalong'aa mafuta, na nililila kama natafuna kitambaa. "Mutua, mwanangu, mbona kimya leo?" Mama akaniuliza. "Nimeshiba, Mama." Sikuwa nimeshiba. Siku hizi, kwangu kukichinjwa kuku, wote wanajua firigisi inaletwa kwa nani. Haina utamu wowote. Ni ngumu kweli.

Sasa, ile mashua ninayotaka kuisimulia, oda yake niliileta mimi. Nilimpata dereva aliyekuwa akibeba maua kutoka Naivasha, nikamsemesha kwenye kibanda cha chai, naye akamsemesha meneja wa hoteli moja kule ziwani, na meneja akaja mwenyewe mpaka uchochoroni. Nikampokea, nikampangusia kiti, nikamweleza habari za mvule mpaka akadhani ameugundua yeye. Alipoondoka nilimgeukia Mzee, nikangoja neno. Unajua Nairobi kila mtu ni fundi: wa viatu fundi, wa simu fundi, anayekuzibulia choo fundi. Mzee Wandera hakumwita mtu hivyo. Sisi alituita "vijana", au alitupigia mluzi. Neno lenyewe alikuwa amelifungia mahali, na mwaka ule wote kitu pekee nilichokitaka duniani ni alitoe aniite mimi, tena mbele ya Kioko. Mzee akanitazama. "Umeongea vizuri," akasema, akarudi kwa tezo lake.

Maana ya maneno hayo niliijua baadaye kidogo. Mchana baada ya ugali tulipumzika, na mimi nilipenda kujilaza chini ya mashua moja nzee iliyopinduliwa ikingoja zamu ya kutengenezwa, kwa sababu mle ndani palikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Nje Mama Nafula alikuwa akichambua mrenda na Mzee akinoa tezo. Nilisikia jiwe likienda na kurudi. Hawakujua nipo.

"Hawa watoto wa watu," Mama akasema, "kazi hii utamwachia nani?"

Jiwe likaenda, likarudi.

"Kioko ana mkono," Mzee akasema. "Mutua ana mdomo."

"Mdomo nao si kazi? Nani alimleta yule wa hoteli?"

"Ni kazi. Lakini mdomo haukalafati."

Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha watu waliozeeka pamoja. Kukalafati ni kushindilia pamba kwenye mishono ya mbao ili maji yasipite, na ndiyo kazi inayotenganisha mashua na sanduku. Nilibaki mle ndani, mwanga ukiingia kwa nyufa na kunichora mistari mwilini, nikajiambia: kama ni kukalafati, watanijua. Na siku ilipofika niliushindilia upande wangu kama ninayemziba mtu mdomo. Ng'ambo nyundo ya Kioko ilisikika tok, tok, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Kuna jambo ambalo mtu anayeunda mashua ufukweni halimsumbui sana. Nairobi ni kukavu. Mbao zilizokaa miezi chini ya mabati ya Kayole hujikunyata, na mashua mpya ukiitupa ziwani hivyohivyo huvuja kama chujio. Kwa hiyo Mzee alikuwa na desturi ya kuinywesha: huijaza maji kwa ndani ingali juu ya magogo, mbao zikashiba, zikavimba, zikakumbatiana. Na hapo ndipo kazi ya kila mtu ilipoonekana, maana maji hutafuta njia na hayana rafiki. Meneja akatuma habari kwamba lori liko njiani, na mifereji ya mtaa mzima ilikuwa imekauka. Mzee akaketi chini. Kioko akatazama miguu yake. Nani alitoka? Mimi. Nilipanda ngazi za ghorofa zote mbili, mlango kwa mlango.

"Mama Brayo, nikopeshe mtungi mmoja."

"Wa kufanyia nini?"

"Mashua inywe."

"Mashua inywe, Brayo alale na kiu?"

"Utarudishiwa, Mama, tena yamebarikiwa na mvule."

"Wee Mutua! Huo mdomo utakupeleka bungeni au jela."

Lakini alinipa. Wote walinipa. Wanawake wakashuka kwa mstari na mitungi ya manjano, watoto wakiimba Nuhu, Nuhu, na maji ya kupikia na ya kuogea yakamiminwa humo mpaka mashua ikajaa, na nguo za wapangaji zikajitazama ndani yake. Huo ulikuwa mdomo wangu. Kila tone.

Mzee akavua kofia. Akaanza kushoto, akipitisha kiganja juu ya mishono kutoka mbele mpaka nyuma, kisha akakipangusa shavuni. Kikavu. "Fundi," akamwambia Kioko, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemjibu mtu aliyeuliza ni saa ngapi. Akaja upande wangu. Kulikuwa na mahali pamoja, kule nyuma, palipotoa jasho. Si kuvuja, jasho. Pamba ikipigwa kwa hasira huingia mno, hutokea ndani. "Hapa patanyamaza kesho," akasema, "mbao zikishiba."

Na pakanyamaza! Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika, nikapitisha kiganja, nikakipangusa shavuni: kikavu kama cha Kioko. Nikamngoja Mzee aje aone. Akaja, akanywa chai, akaanza kugombana na wanawake waliorudi kuchota maji yao na kukuta yananuka lami. Upande wangu hakuja. Lori likafika, mashua ikaenda.

Sikukaa. Nilimwambia Mzee naingia kwenye mbao zenyewe, kununua na kuuza, akaniambia, "Utafika mbali." Nimefika. Kioko alibaki naye mpaka mwenye ploti alipojenga ghorofa jingine juu ya ule uchochoro na Mzee akarudi kwao. Sasa Kioko yuko mtaa wa Lucky Summer, anatengeneza milango na vitanda, anakaa nyumba ya kupanga, nami nikiwa na safari ya kupitia huko huhakikisha gari limeoshwa. Lakini watu, bana! Mteja anakuja kwangu, ananunua mbao zangu, namuuliza atafanyiwa na nani. "Kuna mzee mmoja Lucky Summer," anasema, "mkimya hivi." Sijui ni wangapi wamenijibu hivyo, wakinitazama usoni.

Baada ya mazishi sikutulia. Mashua ile nilijua iliko. Hoteli ilishafungwa zamani, na chombo kikaishia kwenye kilabu cha nyama choma huko Kangundo Road, kimepinduliwa kuwa paa la kaunta. Nilikuwa nikienda kula pale mara kwa mara, nikikaa makusudi chini ya upande wa kulia. Nikamwezekea mwenye kilabu paa jipya la mabati, nikaishusha mashua, nikaileta yadi. Kisha nikapiga simu.

"Kioko, ni Mutua."

"Mutua yupi?"

Yupi! "Wa Mbao. Nina mashua ya Mzee hapa, ile ya Naivasha. Njoo tuinyweshe."

"Ya nini?"

"Tuone."

Hakuuliza tuone nini. Alikuja na tezo kwenye gunia lake. Nilikuwa nimemwandalia ofisi, kiti cha ngozi, soda baridi; akapita hapo kama mtu anayepita kituo cha polisi, akaenda moja kwa moja kwenye mashua. Kichwa kimekuwa cheupe. Vidole ni vilevile. Nikafungulia mpira wa kisima. "Maji yangu haya," nikamwambia, "hayakopwi." "Mazuri," akasema. Mashua ikavuja kila mahali, kama tulivyotarajia, kwa ukavu wa miaka yote ile. Akarudi kesho yake na siku zilizofuata, na mandazi kwenye karatasi, tukakaa yeye kushoto, mimi kulia, tukiongezea maji na kuzingoja mbao zishibe. Akaniambia habari za goti la mke wake. Nikamwambia habari za ghorofa. Mishono ikawa inanyamaza mmoja mmoja. Nilipitisha kiganja kwangu, kisha nikazunguka kwake kama mtu anayenyoosha miguu, nikapitisha na huko. Kwangu pakavu. Kwake pakavu. Mwishowe maji yakabaki kutoka mahali pamoja tu: chini, kwenye mkuku, mishono miwili ya Mzee mwenyewe, kulia na kushoto sawasawa, tone kwa tone.

Tukachutama wote wawili, tukatazama.

"Mzee anavuja," nikasema.

Kioko akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka mpaka akajishika kwenye ubavu wa mashua, nami nikacheka hadi machozi. Lakini ndani niliudhika. Nilitaka jibu, nikapewa kicheko.

Tukamwaga maji, tukaipindua, ikakauka kidogo, tukatoa pamba kuukuu iliyokuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyochemshwa mara nyingi. Kioko akachonga kidogo kwa tezo pale mti ulipochakaa, kisha akaninyooshea juu ya mkuku, mpini mbele. "Shika." Nikalishika. Mpini ulikuwa na bonde la kiganja cha Mzee, na changu hakikuingia humo. Nikamrudishia upesi. "Hata kwangu halikai," akasema. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Tukaanza kukalafati kutoka mbele kwenda nyuma, kila mtu mshono wa upande wake. Nikainamisha kichwa, nikapiga. Ng'ambo nilisikia ile tok, tok. Nilitaka kufika nyuma kabla yake. Nina umri huu, nina ghorofa, na nilitaka kufika kabla yake. Mgongo ukauma, jasho likaingia machoni, na mahali fulani nikagundua nyundo ninayoisikia ni moja, nayo ni yangu. Nikainua kichwa. Amebakiza shibiri moja tu, amekaa juu ya debe, nyundo mapajani.

"Unangoja nini?"

"Maliza, fundi, tufunge pamoja. Chai inapoa."

Fundi. Neno ambalo Mzee alilifungia miaka yote, huyu analitoa kama mtu anayekusogezea chumvi. Na haki ya kulitoa anayo, hilo ndilo lililoniuma. Alipewa na Mzee mwenyewe. Vijana wangu wa yadi walisikia, mmoja akaacha kupanga mbao akageuka. Nikautazama mshono uliobaki upande wangu. Nikachukua pamba, nikaisokota vizuri. Halafu nikaanza kupiga polepole, kwa mkono mwepesi, kama sijawahi kupiga maishani mwangu, kila pigo nikilitazama limekaaje kabla ya kuleta jingine. Si kwa sababu nyingine yoyote. Nilitaka angoje.

Akangoja.